Safari ya Krismasi kwa gari na familia: anza na usingizi wa dereva

Dereva wa safari ya Krismasi mara nyingi ndiye aliyechoka kuliko wote garini. Anafunga kazi tarehe 23 jioni, anapitia dukani kumalizia zawadi, anafika nyumbani usiku na kukuta mabegi hayajafungwa. Saa saba usiku bado anapanga buti. Saa kumi alfajiri anawasha gari, watoto wamelala nyuma, na mbele yake kuna kilomita 600. Tairi zinaweza kuwa mpya na breki zikawa kali, lakini aliyeshika usukani hajalala hata saa tatu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na usingizi, injini itafuata baadaye. Hatua zote, ya fundi, ya viti, ya mizigo, zimepangwa ili usiku wa kuamkia safari dereva awe kitandani na asibakiwe na kazi hata moja.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa ya kuondoka (wiki tatu kabla)

Kaeni chini kama familia na mtafute siku ambayo kati yake na siku ya mwisho ya kazi ya dereva pana usiku mmoja kamili wa kulala. Sharti hili halina mjadala. Kama dereva anafunga kazi tarehe 23, safari ni tarehe 24 mchana mapema au tarehe 25 asubuhi, isiwe usiku wa tarehe 23. Kama anaweza kuomba ruhusa akafunga tarehe 20, ni bora zaidi, kwa sababu siku mbili za mwisho kabla ya sikukuu ndizo barabara zinapojaa na madereva wengine nao wamechoka vilevile. Asubuhi ya Krismasi yenyewe barabara huwa na nafasi zaidi, ila vituo vya mafuta, maduka na gereji nyingi vinaweza kuwa vimefungwa, kwa hiyo ukiichagua siku hiyo jaza tangi na ubebe chakula chako chote.

Kwa nini nakazia hivi? Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya vibaya kwa kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Alipofikisha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Nchi nyingi humkamata dereva anayezidi 0.05. Sasa hesabu: aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini anatimiza saa 17 ifikapo saa tano usiku. Safari ya usiku baada ya siku ya kazi inaanzia hapo hapo.

Saa ya kuondoka nayo ina uzito. Mwili wa binadamu hulegea mara mbili kwa siku: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kisha tena kati ya saa nane na saa kumi mchana, hata kwa mtu aliyelala vizuri. Wengi hupenda kuondoka saa tisa au saa kumi usiku ili watoto walale njiani na foleni iepukwe. Naelewa hamu hiyo, lakini huko ni kumweka dereva barabarani saa ile ambayo mwili wake unadai kulala kuliko saa nyingine yoyote. Ondokeni kunapopambazuka, baada ya dereva kulala saa saba au nane na kunywa chai. Na kituo cha chakula cha mchana kiangukie saa nane, wakati wa ule mlegeo wa pili.

Kisha pima urefu wa siku. Ramani ya simu ikisema saa nane, familia yenye watoto itatumia kumi hadi kumi na moja, ukihesabu choo, chakula, mafuta na foleni ya sikukuu. Umoja wa Ulaya unawataka madereva wa malori wapumzike dakika 45 baada ya kila saa nne na nusu za kuendesha, na kwa kawaida wasizidi saa tisa kwa siku. Hao ni watu ambao hii ndiyo kazi yao. Wewe unayeendesha kwenda kazini na kurudi mwaka mzima usijipe zaidi ya wao. Saa nane za usukani kwa dereva mmoja zinatosha kabisa. Zikizidi, tafuteni dereva wa pili (na hakikisha bima ya gari inamtambua) au pa kulala katikati ya njia. Malazi ya Desemba huisha mapema, ndiyo maana hatua hii ni ya wiki tatu kabla.

Hatua ya 2: Peleka gari kwa fundi (wiki mbili kabla)

Wiki mbili, wala si siku mbili. Gereji hujaa, wauza vipuri hufunga, na jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kazi ya fundi inahitaji kujaribiwa. Akibadilisha breki au paipu ya maji, unataka siku kadhaa za kuzunguka nalo karibu na nyumbani ili kama kuna mahali panavuja upaone huku fundi yuko karibu.

Mwombe akague breki na mafuta yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na unyevu huo huyafanya yachemke kwa joto dogo. Kwenye mteremko mrefu, gari likiwa limejaa, yakichemka hutoa mvuke na pedali inazama chini bila kukamata. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Aangalie pia oili, maji ya rejeta, mikanda ya injini, betri (ikizidi miaka minne ipimwe), wipa na taa zote. Taa ya breki iliyoungua dereva haioni kutoka kwenye kiti chake, kwa hiyo mtu mmoja akanyage pedali na mwingine asimame nyuma atazame.

Tairi uzikague mwenyewe, kwa macho na vidole vyako. Kwanza, kina cha meno ya tairi: nchi nyingi zimeweka 1.6 mm kuwa kiwango cha chini cha kisheria, lakini kikishapungua chini ya 3 mm tairi huanza kushindwa kusukuma maji pembeni, na kwenye mvua gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Pili, umri. Pembeni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwishoni mwa mfululizo wake kuna tarakimu nne. Ukisoma 3519, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Huenda ukaukuta upande wa ndani, basi lala chini na tochi. Tairi la zamani lenye nyufa ndogondogo pembeni lisiende safari ndefu hata kama meno yake bado marefu. Tatu, bonyeza ukuta wa tairi ukitafuta uvimbe. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika.

Halafu upepo. Namba sahihi iko kwenye kibandiko, kwa kawaida ndani ya fremu ya mlango wa dereva au kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Ile iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kuvumilia, usijaze kwa kuifuata. Kibandiko mara nyingi kina safu mbili: gari likiwa na watu wachache, na gari likiwa limejaa. Safari ya Krismasi ni safu ya pili. Pima tairi zikiwa baridi, kabla ya kutembea zaidi ya kilomita mbili tatu, kwa sababu joto hupandisha presha na kukudanganya. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huko huzalisha joto, na joto hulegeza tabaka zake hadi lipasuke. Na hupasuka kwenye kasi, gari likiwa zito, adhuhuri. Kwa maneno mengine, siku ya safari yenu.

Mwisho wa hatua hii kuna zoezi la nusu saa ambalo nalisisitiza kuliko lolote hapa: fungua tairi moja nyumbani, mchana, mahali tambarare. Toa tairi la akiba, lipime upepo. Tafuta jeki na spana. Angalia kama gari lako lina nati moja ya usalama inayohitaji ufunguo wake maalumu, na ufunguo huo uko wapi. Legeza nati zote nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo upandishe jeki. Wengi hugundua hapa kwamba nati zilikazwa kwa mashine na mkono peke yake hauzigusi. Basi tafuta bomba la kurefushia mkono wa spana, liwekwe kwenye buti. Kama tairi la akiba ni lile jembamba, soma maandishi yake: mengi hayaruhusu kuzidi 80 km/h, na kazi yake ni kukufikisha gereji.

Hatua ya 3: Hesabu watu, kisha hesabu mikanda

Gari lenye mikanda mitano hubeba watu watano. Kabla ya Krismasi huja maombi: shangazi apewe lifti, binamu apitiwe njiani, mtoto apakatwe tu. Amueni mapema na mjibu mapema, ili mtu apate muda wa kutafuta usafiri mwingine. Kukataa wiki mbili kabla ni ustaarabu. Kukataa mlangoni alfajiri hakuna anayeweza, na hapo ndipo gari la watano linapoondoka na wanane.

Suala la kumpakata mtoto linastahili hesabu yake. Gari linalokwenda 50 km/h likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama mzigo wa kilo 200 mikononi mwa mama, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mikono ya kushika hilo, hata iwe na upendo kiasi gani.

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia bure. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa hadi asilimia 50. Lakini uliundwa kwa mwili wa mtu mzima. Kichanga na mtoto mdogo akae kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu, kwa sababu shingo yake bado laini na kichwa ni kizito. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Ukifumuka hukipiga kiti kwa mgongo na unaweza kumuua mtoto. Mkubwa kidogo akae kwenye kiti cha kumpandisha hadi mkanda wa gari umkae sawa, jambo ambalo hutokea akifikia urefu wa kati ya 135 na 150 cm. Sheria za nchi hutofautiana humo. Jinsi ya kujua: sehemu ya chini ilale kwenye mifupa ya nyonga, isipite tumboni, na ya juu ipite katikati ya bega, isiguse shingo. Mjamzito naye aupitishe chini ya tumbo, na wa juu kati ya maziwa.

Kama mnasafiri kwenye baridi, mvue mtoto koti nene kabla ya kumfunga, kisha mfunike nalo. Koti hubonyea kwenye ajali na mkanda unabaki umelegea.

Vifungeni viti siku chache kabla na mvitikise. Kiti kikisogea zaidi ya sentimita mbili hivi pale kinapofungiwa, hakijafungwa vizuri.

Hatua ya 4: Pakieni mizigo mchana wa siku moja kabla, na dereva asiwe mpakiaji

Gaweni kazi waziwazi. Atakayeendesha akamilishe yake ya gari (mafuta, upepo, vioo kusafishwa) kufikia alasiri. Kufunga mabegi, kuandaa chakula, kuficha zawadi, kuzima vitu vya nyumbani ni kazi ya wengine. Katika nyumba nyingi anayeendesha na anayepanga mizigo ni mtu yuleyule, kwa kuwa ndiye "anayejua buti". Mwaka huu aonyeshe mapema, kisha aachie.

Vizito vikae chini kabisa na vishikamane na mgongo wa kiti cha nyuma, vyepesi juu. Mzigo mzito uliosukumwa mwisho wa buti huinua pua ya gari, tairi za mbele zikapoteza mshiko na taa zikawamulika wenzako machoni. Juu ya paa peleka vyepesi tu. Magari mengi madogo huruhusu kati ya kilo 50 na 100 huko, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Kitabu cha gari kitakupa namba kamili. Mzigo wa paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona na kwenye upepo wa ubavuni, na hula mafuta.

Zawadi zina tabia mbaya ya kupakiwa mwisho, zikaishia kwenye ubao ulio nyuma ya vichwa vya watoto. Pale pasiwekwe kitu, hata sanduku dogo. Kwenye breki ya ghafla kila kilicholegea huruka mbele. Mabegi ya buti yasizidi urefu wa mgongo wa kiti, au yafungwe kwa wavu.

Kimoja kisipakiwe ndani kabisa: mfuko wa njiani. Humo muwe na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, karatasi laini, mifuko ya kutapikia, dawa, tochi, maji. Mtoto akitapika kilomita ya 200, hutaki kushusha mabegi sita pembeni mwa barabara ili upate fulana. Na vifaa vya dharura, yaani pembetatu za tahadhari, jeki, spana na vizibao vya kung'aa, vikae mahali unapovifikia bila kupakua.

Hatua ya 5: Matumbo, dawa na wazee

Kichefuchefu cha gari huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na 12. Sikio la ndani linahisi gari likipinda na kuruka, huku macho yaliyokodolea simu au kitabu yakiuambia ubongo kwamba hakuna kinachosogea. Ubongo unavurugwa na ugomvi huo. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kumfanya atazame mbali, mbele, nje ya kioo. Filamu kwenye tableti iwe ya barabara iliyonyooka na ya watoto ambao hawasumbuki. Chakula kiwe chepesi, kidogo kidogo, kisicho na mafuta mengi, na hewa iingie. Dawa za kuzuia kutapika mwulize mfamasia kabla. Nyingi huleta usingizi, na dereva asizimeze. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za mafua na mzio.

Karanga na peremende ngumu msiwape watoto wa chini ya miaka minne gari likiwa linatembea. Akipaliwa, sekunde za kulisimamisha gari na kumfungua ni nyingi mno.

Bibi na babu wasikae zaidi ya saa mbili bila kusimama na kutembea. Kukaa zaidi ya saa nne mfululizo huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye miguu, na umri, ujauzito au upasuaji wa karibuni huongeza zaidi. Kati ya vituo wachezeshe vifundo vya miguu. Anayetumia insulini aiweke kwenye kibebeo cha baridi miguuni pake, sio ndani ya dashibodi ambako jua huichemsha.

Hatua ya 6: Jioni ya kuamkia safari

Weka nyaraka mahali pamoja: leseni, bima, vitambulisho, na pasi na vibali kama mnavuka mpaka. Pakua ramani ya njia nzima kwenye simu ili itumike hata pasipo na mtandao.

Kisha mpigie mwenyeji. Usimwambie "tutafika saa kumi na moja." Mwambie "tutafika jioni, msitusubiri kwa chakula." Saa kamili ikishatajwa huwa deni, na dereva anayeona deni hilo linapita ndiye anayeanza kupita malori kwenye kona. Sentensi hiyo moja ya simu inaondoa mbio nyingi barabarani.

Saa tatu usiku dereva akalale, chumba kiwe giza, simu yake ibaki kwa mwenzake. Maswali yote yaliyobaki yana mtu mwingine wa kuyajibu.

Hatua ya 7: Barabarani

Kasi kwanza. Kilomita 600 kwa wastani wa 100 km/h ni saa sita. Kwa wastani wa 110, kama barabara inaruhusu, ni saa tano na dakika 27. Mmeokoa dakika 33, ambazo kituo kimoja cha choo kinazimeza. Upande wa pili wa hesabu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa asilimia 4.

Acha nafasi. Chagua alama pembeni mwa barabara, gari la mbele likiipita anza kuhesabu sekunde polepole. Usiifikie kabla ya mbili kupita, na kwenye mvua nne. Gari lililojaa familia na mizigo halisimami kama ulivyozoea ukiwa peke yako.

Kwenye barabara ya njia mbili, kupita gari lingine ndilo jambo la kufikiria mara mbili. Ukichukua sekunde 10 kulipita lori ukiwa na 100 km/h, na anayekuja ana mwendo huohuo, mnakaribiana kwa zaidi ya mita 550 katika sekunde hizo. Huoni mita 550 za barabara tupu? Kaa nyuma ya lori. Kwenye mteremko mrefu shusha gia kabla ya kuanza kushuka, injini ikusaidie kushikilia, breki zisichemke.

Simu ya dereva iko mikononi mwa aliyekaa kushoto au kulia kwake, ambaye ndiye msoma ramani, mjibu ujumbe na mpatanishi wa nyuma. Watoto wakianza kugombana, dereva hageuki. Mwenzake akishindwa kuwatuliza, mnasimama mahali salama na mnamaliza gari likiwa limezimwa.

Simameni kila baada ya saa mbili hivi, wote mshuke, watoto wakimbie kidogo mbali na magari. Asibaki mtoto garini, hata dakika tano, hata kivulini: ndani ya gari lililofungwa kwenye jua joto linaweza kupanda nyuzi 10 za Selsiasi kwa dakika kumi tu.

Sasa usingizi wenyewe. Dalili hujulikana: kupiga miayo mfululizo, kope nzito, gari kugusa mstari, kupitiliza mahali pa kukata kona, na ile ya kutisha zaidi, kutokumbuka kilomita kadhaa zilizopita. Anayekaa pembeni azijue, kwa kuwa mwenye usingizi ndiye wa mwisho kukubali kwamba anasinzia. Mpeni mamlaka ya kusema "simama", na neno lake lisibishiwe. Kufungua dirisha, kupandisha muziki, kunawa uso humwamsha mtu kwa dakika chache tu. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, hivyo ataamka ikiwa inaanza kumshika. Akilala zaidi ya hapo anaweza kuamka mzito, basi ajipe robo saa nyingine ya kutembea kabla ya kushika usukani. Kumbuka tu kwamba kwa 100 km/h, kusinzia sekunde nne ni gari kwenda mita 111 bila dereva.

Mkiharibikiwa, toka kabisa kwenye lami, washa taa za dharura, na watu wote washuke upande usio na magari wasogee mbali, nyuma ya kingo kama ipo. Kubaki ndani ya gari lililosimama kando ya barabara kuu ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Pembetatu iwekwe nyuma, angalau mita 50, na mbali zaidi pale magari yanapokwenda kasi au kabla ya kona. Kama uwanja ni wa mteremko au magari yanapita yakikugusa, usibadilishe tairi hapo. Nenda polepole hata kwa kuliharibu ringi hadi mahali pazuri. Baada ya kufunga, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, kisha zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Namba 112 hupitishwa na mitandao mingi ya simu duniani kwenda huduma za dharura, lakini andika pia namba za nchi mnakopita.

Hatua ya 8: Kurudi

Watu hupanga kwenda kwa mwezi mzima na kurudi kwa dakika tano. Wakati huo familia imelala kidogo usiku kwa wiki nzima, na dereva huenda jana yake alikuwa mezani na ndugu hadi usiku. Mwili huondoa pombe polepole, takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, na hakuna kahawa wala maji baridi yanayoharakisha. Aliyekunywa vinywaji vinane hadi saa saba usiku bado anaweza kuwa na pombe saa mbili asubuhi. Anayeendesha kesho asinywe leo, na mwenyeji aambiwe mapema ili asimlazimishe.

Pangeni mfike nyumbani angalau siku moja kamili kabla ya kurudi kazini. Mkipanga kufika usiku wa kuamkia kazi, foleni au pancha moja tu itawasukuma kuendesha gizani mkiwa na haraka. Kagueni tena upepo, oili na maji kabla ya kuondoka, na kanuni za saa na za vituo ni zilezile.

Mkishafika na kushusha mizigo, kesho yake asubuhi tairi zikiwa baridi punguza upepo urudi kwenye safu ya kwanza ya kibandiko. Tairi zilizojazwa kwa ajili ya watu watano na mabegi hudundadunda gari likiwa tupu, hulika katikati, na kwenye lami yenye maji hushika kidogo.